"Adapta yoyote inayoingia" ndiyo inayoua CD za mkononi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wanaonunua zile CD pleya ndogo za kubeba mkononi, za miaka ya 80 na 90, zinazokuja na mitumba. Zinauzwa kwa bei ya vyuma chakavu kwa sababu "haziwaki". Nyingi hazijafa. Zinakufa siku ile mnunuzi anapofika nyumbani na kuchomeka adapta ya kwanza aliyoikuta kwenye droo, eti kwa kuwa pini imeingia.

Pini kuingia si hoja. Sony D-50, iliyotoka 1984, inataka volti 9. Discman nyingi za miaka ya 90, za kampuni hiyohiyo, zinataka volti 4.5. Chukua adapta ya ile uipe hii, umeilisha mara mbili ya haki yake. Kisha kuna suala la ncha. Karibu na tundu la adapta pamechorwa kiduara chenye nukta katikati, na alama za + na −. Alama iliyounganishwa na nukta ndiyo ya katikati ya pini. Kuna mashine zinazotaka hasi katikati na nyingine chanya, kwa hiyo mchoro wa mashine na wa adapta lazima ufanane. Zile adapta za zamani zenye transfoma nzito na kiswichi cha kuchagua volti nazo ni za kutiliwa shaka: iweke kwenye 4.5 uipime ikiwa haijabeba mzigo, mita ya kupimia umeme inaweza kukusomea volti 6 au 7.

Kwa hiyo adapta iwekwe kando, uanze na betri. Kama mashine inatumia AA mbili, nunua alkalini mpya mbili. Betri za bei nafuu za zinki na kaboni zinaendesha saa ya ukutani mwaka mzima, lakini mota ya CD inapoanza kuzungusha sahani huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na betri hizo huanguka volti papo hapo. Utaona kioo kinawaka, sahani inageuka nusu mzunguko, kisha giza. Huo si ugonjwa wa mashine. Za kuchaji nazo zina volti 1.2 kila moja, mbili ni 2.4, na baadhi ya mashine huzihesabu kuwa zimekwisha. Kwa kupimia, usizitumie.

Kabla ya bisibisi, sogeza swichi ya HOLD, ile inayofunga vitufe visijibu, upande wa pili. Mafundi wamefungua mashine nzima kwa ajili ya swichi hiyo. Bonyeza pia mfuniko kwenye kona yenye kijino cha plastiki, kwani kijino kikivunjika mashine huamini iko wazi na baadhi ya aina hazijibu kabisa.

Bado kimya? Chungulia chumba cha betri. Unga mweupe kwenye springi ni uvujaji. Wa alkalini unasafishwa kwa siki au ndimu kwenye pamba ya masikio, wa zinki na kaboni kwa soda ya kupikia iliyolowekwa kidogo, kisha vyote vifutwe kwa spiriti na kuachwa vikauke. Springi ing'ae isikudanganye: uvujaji hutambaa ndani ya ganda la waya na kuufanya kijani au mweusi. Toa betri, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), ncha yake moja kwenye springi na nyingine pale waya wake unapoingia kwenye bodi. Ikizidi omu 1, badilisha waya.

Panaposahaulika zaidi ni ndani ya tundu la adapta. Humo mna vibapa vitatu vya chuma. Kimoja kinagusa katikati ya pini. Viwili vilivyobaki hugusana wakati pini haimo, na umeme wa betri hupita hapo. Pini ikiingia husukuma kimoja na betri zinakatwa. Baada ya miaka 30, vibapa hivyo viwili huota kutu au hupinda, na betri zinabaki zimekatwa ingawa hakuna kilichochomekwa. Dalili yake: mashine inawaka kwa adapta sahihi, kwa betri haiwaki. Toa betri, weka mita kwenye mlio (hulia umeme ukipata njia), gusa vibapa viwili hivyo: lazima ilie. Chomeka pini ya adapta isiyo kwenye umeme: inyamaze. Isipolia, puliza dawa ya kusafishia kontakti kidogo, ingiza na kutoa pini mara 20, upime tena. Tundu likicheza ukilitikisa, tazama kwa kioo cha kukuzia upande wa pili wa bodi: utaona mpasuko mwembamba wa duara kuzunguka mguu. Ongeza risasi mpya ya kulehemu, pasi ya kulehemia isikae zaidi ya sekunde 3.

Aliyekwisha kuchomeka adapta ya kinyume aanzie kwenye fyuzi, kidude kidogo mno jirani na tundu. Isipolia kwenye mita imekatika. Usiiruke kwa waya! Mara nyingi daiodi ya ulinzi iliyo karibu (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndiyo imekufa kwa shoti. Ikilia pande zote mbili, ng'oa mguu mmoja uipime tena, na ikibaki hivyo ibadilishe kwanza, ndipo uweke fyuzi ya kiwango kilekile.

Mashine za mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 zina jambo la ziada, zile kapasita (vidude vya kutunza umeme) za kopo la rangi ya fedha zilizobandikwa juu ya bodi. Huvuja chini bila kuvimba. Risasi ya miguu yake hufifia, na ukigusa kwa pasi moto hunuka kama samaki. Weka yenye mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi. Angalieni: kwenye kopo, alama nyeusi ni hasi, kwenye kapasita ya aina ya tantalamu, mstari ni chanya. Anayebadilisha moja kwa nyingine kwa kufuata mstari ataigeuza, na tantalamu iliyogeuzwa huweza kuwaka moto.

Ikishawaka ukiwa bado umeifungua, usibonyeze swichi ya mfuniko, ile inayobonyezwa na kijino, kwa kijiti huku umeinamia lenzi inayosoma CD. Leza yake ni ya nanomita 780, jicho haliioni vizuri, lakini inaingia.

Fundi redio,
Kariakoo, Dar es Salaam