YAH: Malalamiko kuhusu ushauri mliotupa juu ya gari letu kuvuta karavani

Ipagala,
Dodoma.

Meneja wa Mauzo,
Tawi la Dodoma.

Ndugu Meneja,

Nawaandikia kuhusu karavani ya ekseli moja (tela lenye chumba cha kulala) niliyoinunua kwenu, pamoja na ndoano ya kuvutia tela ambayo mafundi wenu waliifunga kwenye gari la familia yangu. Silalamikii ubora wa karavani yenyewe, kwa kuwa vitanda vyake ni imara na paa halivuji. Ninacholalamikia ni jibu nililopewa na ofisa wenu nilipomuuliza, kabla sijalipa hata shilingi, kama gari letu lingeweza kuivuta kwa usalama tukiwa watu sita ndani. Alinijibu kwamba ndoano inahimili kilo 1,500 na karavani haifiki huko, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Mimi niliuliza habari za gari, yeye akanijibu habari za chuma.

Gari letu ni la viti saba, la mtumba kutoka Japani, kama yalivyo magari mengi ya familia hapa mjini. Cheti chake cha kusafirishwa nje, ambacho ofisa wenu alikishika mkononi, kinaonyesha uzito wa gari tupu kuwa kilo 1,640 na uzito wa jumla kilo 2,025. Tofauti yake ni kilo 385, na haikutokea kwa bahati, kwa sababu Wajapani hukadiria kilo 55 kwa kila kiti, na viti saba ndivyo vinavyoleta hesabu hiyo. Ndani ya kilo hizo anatakiwa aenee dereva, waenee abiria, mabegi, ndoano yenyewe, na tena uzito ambao mkono wa karavani, yaani chuma chake cha mbele kinachoshikana na ndoano, unaukandamizia nyuma ya gari. Huo wa mwisho hakuna aliyenitajia. Kitabu cha gari, kwa upande wake, hakina kiwango chochote cha kuvuta tela. Na pale ambapo mtengenezaji hakutoa kiwango, sidhani kama muuzaji wa ndoano ana mamlaka ya kukitunga.

Asubuhi ya safari yetu ya Iringa, gari lilichuchumaa nyuma hata taa za mbele zikawa zinaangalia juu. Nilimpigia simu fundi wenu, naye akanielekeza nihamishie matenki ya maji na mtungi wa gesi nyuma ya ekseli ya karavani ili mkono upungue uzito. Nikafanya hivyo, na kwa hilo najilaumu. Tulipokuwa tunateremka kuelekea Mtera, kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, karavani ilianza kuyumba kushoto na kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, ikilivuta gari nyuma kana kwamba ndiyo iliyoshika usukani. Mke wangu, aliyekuwa akiendesha, aliondoa mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki ghafla, akaushika usukani sawa mpaka tukasimama. Mama mkwe wangu, aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa, hajataka kuisikia tena habari ya karavani.

Hatukuendelea mbele, na sijutii, kwani Mtera iko takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari ilhali Iringa iko zaidi ya mita 1,500, na katikati kuna milima ya Nyang'oro. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Tulikodi lori la kuirudisha karavani Dodoma kwa shilingi 350,000.

Niliporudi niliipeleka kwenye mizani ya ghala la nafaka Kizota, ikiwa na vitu vyote vya safari. Ilikuwa na kilo 1,390, na lita 120 za maji peke yake ni kilo 120. Kwa mpangilio wa fundi wenu, mkono ulikandamiza kilo 70, yaani asilimia 5 tu ya uzito wa karavani, wakati tela la aina hii huhitaji asilimia 10 hadi 15 ili litulie barabarani. Nilipoirudisha mizigo mbele, mkono ulifika kilo 140, ambayo ni asilimia 10. Hapo karavani ingetulia, lakini kibati kilichopigiliwa kwenye ndoano yenu kinaruhusu kilo 75 za kukandamiza, basi. Na gari je? Sisi sita tuna kilo 325, mabegi 45, ndoano 20. Tulishazidi kwa kilo tano kabla mkono haujagusa gari, na ukishagusa tunazidi kwa kilo 145. Hakuna namna ya kupanga mizigo inayoweza kuliponya jambo hili.

Nimegundua pia kwamba karavani ina breki za umeme, lakini mafundi wenu waliunganisha nyaya za taa peke yake. Breki za gari dogo ndizo zilizokuwa zikizuia mzigo wote huo mteremkoni.

Kwa hiyo naomba mwichukue karavani pamoja na ndoano na kunirudishia fedha yote niliyolipa, pamoja na gharama ya lori. Ikiwa mna tela jepesi mnaloamini linafaa, niko tayari kulitazama, mradi mniandikie uzito wake likiwa limepakiwa, uzito wa mkono wake, na hesabu ya kilo 385 za gari letu, kisha ofisa wenu atie saini. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mnunuzi.

Nimeambatisha nakala ya stakabadhi, cheti cha gari, karatasi za mizani na picha ya kibati cha ndoano. Karavani iko uani kwangu, na inaweza kukaguliwa siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi jioni.

Wenu mteja,
Mnunuzi wa karavani, Ipagala.