Maziwa ya kopo yaondolewe kwenye michango ya watoto wa Kivu

Ndugu Mhariri,

Hapa Kigoma kuna tangazo linazunguka misikitini, makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp, la kuwachangia watoto waliokimbia vita Kivu, mashariki mwa Kongo. Kwenye orodha ya vitu vinavyotakiwa, cha kwanza kabisa ni maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Wanaokusanya ni watu wema na sina neno nao. Naomba tu hivyo viwili vifutwe.

Kopo la maziwa haliendi peke yake. Linataka maji safi yaliyochemshwa, chupa iliyooshwa kwa sabuni kisha ikachemshwa, mara sita au saba kwa siku, usiku ukiwemo. Mji wa Goma, huko Kivu, ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, watu wakawa wanachota moja kwa moja kutoka Ziwa Kivu. Ni ziwa lile lile walilochota wakimbizi wa Rwanda Julai 1994, kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kwa wiki chache. Februari 2025 waliokuwa kambini pembezoni mwa Goma wakaamriwa waondoke, wakatawanyika na mabunda yao kichwani. Mama wa namna hiyo kuni za kuchemshia chupa atazitoa wapi? Atakoroga kwa maji aliyonayo, na kopo likikaribia kwisha atazidisha maji ili lifike kesho. Hata mimi ningefanya hivyo.

Na haya yamekwisha kuonekana kwingine. Baada ya tetemeko la ardhi la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, maziwa ya msaada yaligawiwa ovyo, na watoto wadogo waliopewa waliharisha zaidi ya mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema michango ya maziwa haya isiombwe wala isipokewe wakati wa maafa. Kuna na hili: mtoto akishazoea chupa, maziwa ya mama yanapungua. Makopo yakiisha baada ya mwezi, huyo mtoto ananyonya nini?

Nitaambiwa kwamba mama mwenye hofu na njaa hana maziwa. Nimelisikia wodini miaka mingi, mara nyingi kutoka kwa mama mkwe aliyekaa pembeni ya kitanda. Hofu huchelewesha maziwa kushuka, ni kweli, lakini haiyakaushi. Mtoto akizidi kuwekwa kwenye titi, yanarudi. Njaa nayo ni ya mama, basi alishwe mama. Wapo vichanga waliopoteza mama zao na hawana wa kuwanyonyesha. Hao maziwa ya kopo wanayahitaji kweli, ila wayapate mikononi mwa wahudumu wa afya watakaowafuatilia siku hadi siku, na wanyweshwe kwa kikombe, maana kikombe ni rahisi kukisafisha kuliko chupa.

Kwa watoto waliovuka miezi sita na wamekonda, wale ambao utepe wa kupimia mzunguko wa mkono unasoma chini ya milimita 115, ipo tiba inayojulikana: lishe ya karanga ya pakiti. Ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Gramu 92 zenye kalori 500, na haitiwi maji hata tone. Mtoto anaifyonza kwenye pakiti yenyewe. Jirani zetu Kenya wanaitengeneza. Hiyo huwezi kuinunua dukani ukaitia kwenye boksi. Hutolewa vituoni na wanaotibu utapiamlo, kwa hiyo mwenye uwezo awachangie fedha hao wanaotibu.

Asiyependa kutoa fedha (najua wengi wetu tunataka kuona kitu kinapakiwa) anunue unga, maharage, mafuta ya kula, sabuni, dawa ya kutibu maji na ndoo yenye kifuniko. Aongeze kanga mbili, mama apate stara ya kunyonyeshea mbele za watu.

Maboksi ambayo tayari yamejazwa makopo yapelekwe kwanza kwa mganga mkuu wa wilaya, aamue yaende wapi, kabla hayajafika bandarini.

Muuguzi mstaafu,
Kigoma