Mwalimu mwenzangu, njoo uketi nyuma ya darasa langu

Mhariri,

Nafundisha gredi ya nne katika shule moja ya umma hapa Kayole, na huu ni muhula wangu wa pili tangu nitoke chuoni. Darasa lina wanafunzi 64. Kilichonisukuma kuandika ni chapati mbili.

Wanafunzi wangu walishikilia kwamba thumni ni kubwa kuliko robo. Si nane inaishinda nne, mwalimu? Nilichora miduara ubaoni siku mbili, wakanakili kwa hati nzuri ajabu, kisha wakakosa vilevile. Siku ya tatu nikapitia kibandani. Chapati moja nikaikata vipande vinne, ya pili vinane, nikauliza: nani anataka robo, nani anataka thumni? Mikono ya thumni ilishuka yenyewe. Watoto hawa hutumwa dukani robo ya sukari karibu kila jioni. Neno walikuwa nalo, ila hawakujua ndilo lile la daftarini. (Vipande 12 kwa vinywa 64 ni hesabu nyingine, na sitaieleza hapa.)

Wiki iliyofuata, kichwa kikiwa kimevimba, nikawapanga katika makundi ya wanane wanane. Kelele zilipanda hadi mwalimu wa darasa jirani akaja mlangoni kuuliza mwenye darasa yuko wapi. Nilikuwa nimeinama katikati ya kundi la tano! Hakunigombeza. Alisimama akatazama, na wakati wa chai akaniambia: katika wanane, wawili hufanya kazi na sita hupiga soga. Anza na wawili wa deski moja, kila mmoja amweleze mwenzake jibu kabla ya kuliambia darasa. Akaniongezea mbinu yake anayoiita "kosa la leo". Akisahihisha madaftari huchagua kosa moja, huliandika ubaoni bila kumtaja mwenyewe, na darasa zima huanza kutafuta mahali hesabu ilipopotoka. Amefanya hivyo kwa miaka mingi, na kati yake na mimi kuna ukuta wa mabati tu.

Hapo ndipo penye kero yangu. Mtu mzima akiingia darasani kwako huwa ameshika fomu ya tathmini. Siku hiyo unafundisha somo ulilolifundisha jana, majibu yanatiririka kama shairi lililokaririwa, fomu inajazwa, na kila mtu anarudi kwake. Na sisi walimu wapya tulisomea mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), tukinakili. Sasa tunafundisha mtaala wa umilisi (CBC), unaomtaka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, uliosambazwa nchini kote 2019, ambao hatukuupitia hata siku moja tukiwa wanafunzi. Tumemwona nani akiufundisha?

Kusoma juu ya mbinu hakutoshi. Chuoni nilisoma habari za Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyegundua kwamba walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuchagua mtu au kujibu wenyewe, na kwamba wakivumilia sekunde 3 au zaidi majibu huwa marefu na wanyamavu huanza kusema. Sikujua kuwa nami ni mmoja wa walimu hao, mpaka jirani yangu alipoketi nyuma akanihesabia kwa vidole.

Naomba walimu wakuu watenge kipindi kimoja kwa wiki ambapo mwalimu ataketi katika darasa la mwenzake bila fomu wala alama. Najua swali litakalofuata: darasa lake litabaki na nani? Sisi hutumia kipindi cha michezo, darasa lake linapokuwa uwanjani pamoja na la gredi ya tano chini ya mwalimu mmoja. Si mpango kamili, na mvua ikinyesha huvunjika.

Wiki ijayo naanza ujazo. Nimekusanya chupa tupu za nusu lita na mtungi wa lita 20, na nina hakika sakafu italowa. Deski la nyuma, upande wa dirisha, lina nafasi ya mtu mmoja.

Mwalimu wa gredi ya nne,
Kayole, Nairobi