Ile tiketi ibadilishe

Goma, Jumapili jioni

Ndugu yangu Bahati,

Yambo sana. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kuzamia baharini Zanzibar ni jambo zuri, lakini kurudi Kigali kwa ndege jioni ileile ya mzamo wa mwisho? Hapana, kaka. Tiketi hiyo ibadilishe leo.

Mimi nilijifunza hukohuko. Siku ya nne, mita 16 chini, barakoa ilijaa maji nikashikwa na woga, nikaanza kupiga mapezi kwenda juu. Mwalimu akanidaka mguu, akanivuta mpaka tukatazamana, kiganja chake kikishuka taratibu: pole, pole. Nilimkasirikia kweli.

Jioni akaanza kunieleza kwa nini, kwa chupa ya soda: ukiifungua, gesi inatoka. Nikamkatiza: sisi wa Kivu tunaijua habari hiyo. Si unajua kule Kibuye wanavuta maji ya ziwa toka zaidi ya mita 300? Huko chini methani imetulia kwa uzito wa maji. Yakipanda kwenye bomba, mgandamizo unapungua, gesi inachomoka yenyewe. Basi mwili nao ni hivyo. Kadiri unavyoshuka, nitrojeni ya hewa unayovuta inazidi kuingia kwenye damu na mafuta. Ukipanda taratibu, inatoka kwa pumzi. Ukikurupuka, inakuwa mapovu humohumo: viungo vinauma, mwingine miguu inakufa ganzi.

Zamani waliruhusu kupanda mita 18 kwa dakika. Siku hizi ni 9 au 10, kisha unasimama kwenye mita 5 kwa dakika 3. Dakika hizo ni ndefu kuliko mkesha wa Pasaka, lakini usizikate. Na pumzi usiibane kabisa: kutoka mita 10 hadi juu, hewa ya mapafuni inataka nafasi mara mbili.

Ukishazamia siku kadhaa, ngoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, maana huko juu mgandamizo unapungua tena na nitrojeni iliyobaki inaweza kuwa mapovu. Mimi ningengoja 24, maana hata ukishuka Kigali safari ya Bukavu bado inapanda: barabara ya Nyungwe inapita juu ya mita 2,000. Tena usije ukaniambia tuzamie Kivu kwa hesabu za baharini. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, majedwali yake ya kuzamia ni mengine.

Mama anakusalimu. Niletee karafuu, nitakutumia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa boti ya Ijumaa. Na ukishabadilisha tiketi niandikie, hata kama ni usiku.

Wako,
Amani