YAH: MALALAMIKO KUHUSU APDETI ILIYOIUA ZANZIBAR YA KUUZA BUNDUKI

Kwenu huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Nawaandikia kwa Kiswahili maana nyie wenyewe mliitangaza hii gemu kwamba ina Kiswahili ndani, na ndo sababu kubwa niliinunua, kwa hiyo naamini kuna mtu hapo ofisini kwenu atasoma. Hii ni mara ya tatu naandika. Mara mbili za kwanza nimejibiwa na mashine, ikaniambia nizime kompyuta niwashe tena, wakati tatizo langu halihusiani kabisa na kuzima wala kuwasha.

Naongelea ile dola ya mji wa Zanzibar. Mnaijua, nyie ndo mliitengeneza: Sultani Barghash anakalia kiti 1870 kama ilivyokuwa kweli, ila kile kimbunga cha 1872 hakimalizi meli zake, na kuanzia hapo mchezaji ndo anaamua mji ule uishi kwa kitu gani. Mi nilichagua bunduki. Shehena zinaingia forodhani kutoka Ulaya na Marekani, unatoza ushuru, unapanga nani auziwe nini, magumegume ya zamani, zile bunduki za kuwashwa kwa jiwe, yaende bara na zile za kisasa ubaki nazo mjini, na usiku unakaa unawaza Mjerumani akija Bagamoyo utamuuzia au utamuuzia adui yake. Nimecheza hivyo miezi minne, kila nikitoka kazini, bando langu mwenyewe.

Sasa imekuja apdeti ya mwezi uliopita. Nimefika tarehe 2 Julai 1890, nina bunduki 9,400 kwenye maghala, wanunuzi nishapatana nao, majahazi yanasubiri upepo, ghafla kinatokea kidirisha cheusi kimeandikwa "Biashara ya silaha imekoma" na chini yake kitufe kimoja tu, Sawa. Hakuna Kataa, hakuna Jadiliana. Nikabonyeza maana huwezi kuendelea bila kubonyeza, na ile 9,400 ikageuka 0 hapohapo naiangalia. Hazina ilikauka kabla mwaka haujaisha, askari wakaasi, mji ukaanguka. Nikarudia tena kutoka mwanzo nikidhani nimekosea mahali, siku tisa nyingine, tarehe ileile kidirisha kilekile.

Najua hiyo tarehe mmeitoa wapi, ni Mkataba wa Brussels, ule wa mataifa makubwa wa kuzuia biashara ya watumwa na silaha Afrika. Lakini mliusoma? Ule mkataba ulichora mipaka, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta mpaka nyuzi 22 kusini, silaha zizuiwe humo ndani, na hata humo ndani bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango kwa masharti. Muscat, kule Oman, ipo kaskazini ya huo mstari. Na masultani wa kule ni ukoo mmoja na wa Unguja, na baada ya 1890 ndo biashara yao ya bunduki ikashika kasi, mpaka Waingereza wakawa wanazungusha manowari Ghuba ya Uajemi kuzisaka jahazi kwa jahazi, na ni 1912 ndo silaha zote zikalazimishwa kupita kwenye ghala moja la Sultani. Yaani historia yenyewe iliacha upenyo ila gemu yenu, ambayo kazi yake yote ni kuuliza ingekuwaje, imeziba! Na Zanzibar yangu haikusaini kitu, nilikataa ulinzi wa Waingereza na gharama ya kukataa nililipa, sasa nafungwaje na sheria ambayo sikuweka muhuri?

Kingine mmetoa ule mpangilio wa bandari mbalimbali, ambao kwangu ndo ulikuwa roho ya hii dola. Mkataba wa Sultani Seyyid Said, baba yake Barghash, na Wamarekani wa 1833 uliandikwa hivi: kisiwani Unguja bunduki, baruti na risasi anauziwa serikali peke yake, bandari zake nyingine zote muuzaji anamuuzia yeyote atakayetoa bei kubwa. Mlangoni kwako unafunga, kwingine unaachia. Toleo la zamani lilikuwa na kitu hicho kabisa, unagusa bandari unaweka sharti lake, na nilipokiona mara ya kwanza nilifurahi sana, nikasema hawa watu wamesoma. Sasa hivi kuna mshale mmoja tu wa kupandisha na kushusha bei kwa pwani nzima.

Halafu kuna hili ambalo limeniuma kuliko yote. Mi nimezaliwa Tabora. Marehemu babu alikuwa na gobore la kurithi, mtutu wake ulinizidi urefu nikiwa darasa la tatu, kitako kilishapasuka kikafungwa waya wa shaba, na alikuwa anatusimulia habari za Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na rugaruga wake, yaani askari wake, huku amelilaza mapajani. Sasa toleo lenu la zamani, ukiwauzia bunduki Waarabu wa Tabora bila mpango, Mirambo naye anatafuta za kwake, anafunga njia ya Ujiji kama alivyofanya 1871, pembe za ndovu haziji, na ukiendelea kumwaga bunduki tu unaanza kuona vijiji vinafutika kwenye ramani na watu wanashuka pwani wamefungwa minyororo. Nilishindwa mara tatu kwa sababu hiyo na sikulalamika, maana ndivyo ilivyokuwa, bunduki na pembe na utumwa vilipita njia moja, na mtu anayecheza muuza silaha inabidi aone zinakoenda. Apdeti imefuta yote. Bunduki ukiuza bara inapotea kama umeitupa baharini, hela inaingia, Unyamwezi imebaki rangi ya kahawia haina jina la mtu. Wale walikuwa babu zetu jamani, msiwafanye soko.

Na Kiswahili chenyewe kimeharibiwa. Ghala la baruti sasa hivi linaitwa "gazeti la baruti", risasi za mizinga zimekuwa "maganda". Mwanzo haikuwa hivyo, inaonekana kabisa kulikuwa na mtu anayejua lugha, mkamtoa mkaweka mashine.

Ninachoomba sio kikubwa. Kidirisha cha 1890 kiwekewe chaguo la kukataa, na anayekataa apambane na manowari za Waingereza, hiyo ni haki, hata nikipigwa kwa dakika 38 kama Sultani Khalid bin Barghash alivyopigwa na Waingereza 1896 nitakubali kwa sababu nitakuwa nimechagua mwenyewe. Masharti ya bandari yarudi. Bara irudishiwe watu wake. Kama hamuwezi, basi niruhusuni nishushe lile toleo la zamani nikae nalo, sevu yangu ya kabla ya apdeti bado ninayo na inakataa kufunguka kwenye toleo jipya. Na kama hata hilo haliwezekani nirudishieni hela yangu, risiti nimeambatanisha pamoja na picha tatu za skrini.

Jibu naomba liandikwe na mtu.

Mteja wenu,
Dar es Salaam