Kwa mwanangu anayetaka kuchunguza jinsi jeni zinavyoamshwa na kuzimwa

Mwanangu mpendwa,

Salaam sana. Natumaini u mzima huko chuoni. Sisi hapa hatujambo. Shangazi yako bado anauliza ni lini utaanza kutibu watu, na nimemweleza kwamba umechagua maabara. Umeniomba ushauri kama mama na kama mwalimu wa baiolojia kuhusu nia yako ya kusomea udhibiti wa jeni na mpangilio wa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe. Naiunga mkono kwa moyo wote, ila kuna jambo moja ningependa ulipime kabla hujajaza fomu.

Darasani tulikomea kwenye kusema kwamba jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Lakini seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ile ile, sasa ni nini kinachoamua jeni ipi isomwe wapi, na lini? Jeni za protini ni takriban 20,000, na maelekezo yenyewe hayafiki hata asilimia 2 ya jenomu. Katika sehemu iliyobaki mna vipande vinavyoamsha na kuzima jeni, na vingine viko mbali mno na jeni vinazoziongoza. Kipande kinachoamsha jeni iitwayo Sonic hedgehog, wakati mikono na miguu ya mimba inapoota, kiko umbali wa karibu herufi milioni 1 za DNA kutoka kwenye jeni hiyo, na herufi moja tu ikibadilika humo mtoto anaweza kuzaliwa na vidole vya ziada. Jibu la jinsi kinavyoifikia limo katika mikunjo, kwa kuwa DNA ya seli moja ina urefu wa mita 2 hivi, nayo imekunjwa ndani ya kiini chenye upana wa sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita, hivyo vilivyo mbali hukutana.

Mwaka 2002 mtafiti Job Dekker na wenzake walitangaza njia ya kuipima mikunjo hiyo, nami naipenda kwa wepesi wa wazo lake. Seli hutiwa formaldehidi ili vilivyo karibu vishikamane, DNA hukatwa kwa kimeng'enya, ncha zilizo jirani huungwa, kisha huhesabiwa ni vipande gani vimeungana mara kwa mara. Ukiijua njia hii kwa mikono yako, mengi yaliyofuata utayaelewa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1961 mtaalamu wa jenetiki Mary Lyon alipendekeza kwamba kila seli ya mamalia jike huzima kromosomu X moja kati ya mbili, na ndiyo maana paka jike anaweza kuwa na mabaka meusi na ya rangi ya chungwa kwa pamoja. Edith Heard, mzaliwa wa London aliyesoma Cambridge, alilishika swali la jinsi X hiyo inavyozimwa mara baada ya shahada ya uzamivu mwaka 1990, alipokwenda taasisi ya utafiti ya Institut Pasteur huko Paris, na hakuliacha. Mwaka 2001 alianza kuongoza kikundi chake katika taasisi nyingine ya Paris, Institut Curie. Mwaka 2012, katika kuchunguza eneo la kromosomu X ya panya linaloongoza kuzimwa huko, kikundi chake pamoja na cha Dekker kilionyesha kwamba DNA imegawanyika katika mitaa, na jeni hukutana zaidi na majirani wa mtaa wake kuliko na walio nje. Kati ya kulishika swali na kuiona mitaa hiyo ilipita miaka zaidi ya ishirini. Jipime hapo, mwanangu. Baada ya uzamivu utaishi kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu, pengine mbali na nyumbani, wakati wenzako wana kazi za kudumu. Usichague chuo kwa jina lake. Chagua swali unaloweza kukaa nalo muda wote huo.

Na hapa kwetu swali halihitaji kutafutwa mbali. Kila mtu anamjua mtoto mwenye selimundu. Mtoto akiwa tumboni hutumia aina nyingine ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, ambayo baada ya kuzaliwa huzimwa kwa msaada wa jeni ya BCL11A. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 haigusi jeni ya himoglobini iliyoharibika. Hukata kipande kinachoamsha BCL11A katika seli za damu, na himoglobini ile ya tumboni ikarudi. Ni matunda ya elimu hii unayoitaka. Lakini bei yake Marekani inazidi dola milioni 2, na inahitaji dawa kali za kuandaa uboho, kwa hiyo watoto wetu bado hawaifikii, na kuna kazi kubwa ya kutafuta njia rahisi ya kuigusa swichi hiyo hiyo.

Muhula huu sajili takwimu na programu za kompyuta, hata kama ratiba itabana, kwa sababu vipande vile vya DNA vilivyoungana huhesabiwa kwa mamilioni. Ada ya masomo hayo mawili nitaituma kabla ya mwisho wa mwezi. Niandikie ukishapata msimamizi, uniambie anachunguza nini.

Mama yako