Wagner mmemwandika, Lloyd je?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo ukurasani kwako. Majuzi gazeti lako lilikumbusha habari ya ile picha ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani, kijikaratasi kilichokuwa kikitiwa kwenye pakiti za sigara, kilichouzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 7. Kwenye bei sina neno. Ila mwandishi wenu akaongeza kwamba Wagner wa Pittsburgh hakuwa na mfano zama zake kwa kulinda pale kati ya kituo cha pili na cha tatu. Hapo ndipo nilipoitafuta kalamu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Atlantic City, na kazi yangu ni usafi wa shule. Nafagia, napiga deki, nakwangua bazoka chini ya madawati. Nilipoanza, mzee mmoja aliyekuwa akinielekeza kazi alinipa ufagio akasema, "Kazi hii aliifanya Pop Lloyd." Nikadhani anamtaja bosi aliyestaafu.

Kumbe ni John Henry Lloyd, aliyezaliwa Palatka, Florida, mwaka 1884. Ligi kuu ilikuwa ya wazungu watupu, kwa hiyo alicheza timu za weusi kuanzia 1906: Cuban X-Giants, Philadelphia Giants, Lincoln Giants, Chicago American Giants, na nyingine sizihesabu. Alihama sana, na hakuficha sababu. Palipokuwa na pesa ndipo alipokwenda. Atakayemlaumu na amlaumu, lakini mkataba wa Wagner yeye nani angempa?

Baridi ikiingia alivuka kwenda kucheza Cuba, na huko wakambandika jina El Cuchara, yaani Kijiko. Mimi ningesema Upawa. Alikuwa na mikono mikubwa, na mpira unaotambaa chini aliuchota pamoja na mchanga wake, akaurusha kituo cha kwanza vumbi likimwagika vidoleni. Jumapili moja nilimwona mtoto akijaribu hivyo kwenye uwanja wenye jina la Lloyd hapa mjini. Mpira ulimponyoka, mchanga wote ukamwingia machoni.

Mwaka 1910 Detroit Tigers, timu ya ile ligi kuu ya wazungu, walikwenda Havana na Ty Cobb wao, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote. Kwenye michezo ile Lloyd alipiga vizuri zaidi ya Cobb. Basi huyo Wagner "asiye na mfano" alikuwa na mwenzake, na watu wa wakati huo walijua, ndiyo maana Lloyd wakamwita Wagner Mweusi. Wagner mwenyewe alisema ni heshima kwake kufananishwa na Lloyd. Mwandishi wenu angesoma hilo tu lingemtosha.

Wagner aliingizwa kwenye jumba la mashujaa wa besiboli mwaka 1936, miongoni mwa watano wa kwanza kabisa, akiwa hai. Lloyd aliingizwa 1977, miaka 13 baada ya kuzikwa.

Nikiri kuna jambo nabishana naye marehemu. Mwaka 1949, uwanja ule ulipopewa jina lake, miaka miwili tu tangu Jackie Robinson, mchezaji mweusi, afunguliwe mlango wa ligi kuu, Lloyd alisema haoni kwamba alizaliwa mapema mno. Wakati wake ulimfaa, kwa kuwa walipata nafasi ya kuonyesha uwezo wa watu weusi. Wenzangu hapa kazini wanayapenda sana maneno hayo. Mimi hapana. Mtu aliyecheza mpaka anakaribia miaka 50 kisha akashika dekio hakustahili kubebeshwa kazi ya kuwafariji wengine. Labda alisema hivyo kwa adabu, maana watoto wa mji walikuwa wamejaa mbele yake, nao walimpenda mno.

Mkirudi tena kwa Wagner, mpeni Lloyd japo mistari mitatu.

Mfagizi wa shule,
Atlantic City, New Jersey